Oda: neno moja, mizigo mingi, kutoka Kashikishi hadi bandari ya Dar es Salaam

Neno la Kiingereza "order", ambalo Kiswahili kimelichukua na kuliandika oda, ni miongoni mwa maneno yanayotumika sana katika biashara kati ya Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maana yake, hata hivyo, hubadilika kila linapovuka mpaka, na wakati mwingine hubadilika ndani ya soko moja. Anayelisikia kwa maana aliyoizoea kwao anaweza kujikuta analipia mzigo ambao hakujua kuwa tayari ni wake, au anasubiri mzigo ambao hakuna mtu aliyeununua.

Mahali pazuri pa kuliona hilo ni Nchelenge, wilaya ya Mkoa wa Luapula kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Mji wa Nchelenge na ule wa Kashikishi, lilipo soko la samaki, vimeungana kiasi kwamba mgeni hajui mmoja umeishia wapi. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,100, na mpaka wa nchi hizo mbili unapita majini. Ng'ambo ni Kongo: mji wa Kilwa na, kaskazini zaidi, Pweto, mahali Mto Luvua unapotoka ziwani. Ndani ya ziwa kuna pia Kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia. Mtanzania anayesikia "mzigo uko Kilwa" asikimbilie kuufikiria mkoa wa Lindi, na hata akishajua kuwa ni Mweru, bado aulize ni Kilwa ya nchi gani, kwa kuwa jibu ndilo linaloamua kama mzigo utapita forodhani au la.

Bidhaa kubwa ya ufuko huo ni samaki. Wapo wa jamii ya perege, wanaouzwa wabichi kwenye barafu, wakavu au wa kukaushwa kwa moshi. Wapo pia chisense, samaki wadogo wa mfano wa dagaa, wanaoanikwa juani na kufungwa kwenye magunia. Wanunuzi hutoka Mansa, Lusaka na miji ya Ukanda wa Shaba kama Kitwe, Ndola na Chingola, na sehemu ya mzigo huendelea hadi Kasumbalesa na kuingia Kongo kwa mlango huo. Anayetaka njia fupi ya kwenda Ukanda wa Shaba hupita Daraja la Levy Mwanawasa huko Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, akakata kipande cha ardhi ya Kongo na kurudi Zambia kupitia Mokambo. Asiyetaka mihuri ya nchi mbili huzunguka kwa Serenje.

KUODA KWA MZAMBIA

Nchini Zambia mtu akisema anakwenda Nchelenge kuoda samaki, hamaanishi kwamba anakwenda kumwachia mtu maelezo ili aletewe mzigo baadaye. Anamaanisha kwamba amebeba fedha, anasafiri, ananunua kwa jumla na kurudi na mzigo wa kuuza. Kuoda ni kununua mzigo wa biashara, na kazi hiyo haijakamilika mpaka fedha ziwe zimetoka na bidhaa zimeonekana. Mwenye duka la nguo Lusaka anayefunga safari ya Kariakoo naye husema anakwenda kuoda Dar. Lugha za Zambia, Kibemba kikiwemo, zimelipa neno hilo viambishi vyao na kulitumia kama kitenzi cha nyumbani.

Kutokana na matumizi hayo yamezaliwa mengine. "Bei ya oda" kwa Mzambia ni bei ya jumla, yaani ile aliyonunulia muuzaji kabla ya kuongeza faida yake. Tangazo la simu linalosema bidhaa zinauzwa kwa bei ya oda linadai kwamba muuzaji hapati kitu juu yake. Ni dai la kupokelewa kwa tahadhari, kama yalivyo matangazo yote ya namna hiyo.

Nchini Tanzania na Kenya mambo ni tofauti. Oda ni agizo. Fundi cherehani husema ana oda ya sare za shule, mama lishe husema ana oda ya chakula cha watu thelathini, na mteja hotelini huulizwa kama ameshatoa oda. Katika matumizi hayo mwenye oda ni yule atakayetengeneza au kuleta, na bidhaa yenyewe pengine bado haipo duniani. Nchini Zambia aliyeoda ni mnunuzi, na bidhaa ziko mgongoni mwake.

Chanzo cha mkanganyiko ni neno lenyewe. Kiingereza kililipokea kutoka Kifaransa cha zamani, nacho kilikuwa kimelirithi kutoka Kilatini, ambamo "ordo" ni safu au mstari. Kutoka safu likaja kumaanisha utaratibu. Anayeweka utaratibu ndiye anayeamuru, kwa hiyo likamaanisha amri. Anayemwamuru muuza duka ampelekee bidhaa anaagiza, na karatasi iliyoandikwa agizo hilo nayo ikapewa jina lile lile. Kiswahili hakikuwa na pengo lote hilo la kuziba. Kilikuwa na mpangilio, utaratibu, amri, agizo na idhini, kila moja likiwa na kazi yake. Oda ilipoingia ilipata nafasi moja tu, ya agizo la bidhaa. Wazambia, ambao shughuli zao za ofisini na mjini huendeshwa kwa Kiingereza zaidi, walilisogeza hatua moja mbele, kutoka kuagiza hadi kununua.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Tunduma anayeshirikiana na mama mmoja wa Kashikishi kwa simu.

"Mama, umeoda?"

"Nimeoda, kaka. Gunia kumi."

Mama amesema kwamba ametoa fedha zake na magunia kumi ya chisense yako kibandani kwake. Kaka amesikia kwamba mama ameongea na wavuvi. Siku mbili baadaye bei ya Tunduma inashuka, na kaka anapiga tena kusema basi tuahirishe kidogo. Kwake hakuna kilichoharibika. Kwa mama kuna mtaji uliolala, na kila mvua inayonyesha inautia unyevu. Hakuna aliyedanganya, na ndiyo maana ugomvi wa aina hii huwa mgumu kuusuluhisha: kila mmoja ana ushahidi wa maneno yale yale.

MZIGO HUWA WA NANI, NA LINI

Swali linalofuata ni la kisheria, na ndilo lenye fedha. Mzigo ukiungua kibandani, ukiibwa usiku au ukizama na mtumbwi, hasara ni ya nani? Zambia bado inafuata Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893. Tanzania na Kenya zina sheria zao zilizotokana na mzizi huo huo. Kanuni yake kuu ni kwamba hasara humfuata mwenye mali, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vingine. Hatari ya mzigo huhama pamoja na umiliki, hata kama mzigo wenyewe haujasogea hatua moja.

Umiliki huhama pale wahusika walipokusudia uhame. Wasiposema, sheria ina kanuni za kukisia nia yao, na mtu wa Kashikishi angefaidika kuzijua. Kama bidhaa ni hizi hapa, zimeonekana, ziko tayari kuchukuliwa na mapatano hayana masharti, basi umiliki huhama wakati wa mapatano yenyewe, hata kama malipo na makabidhiano ni kesho. Magunia kumi yaliyoshonwa, yakahesabiwa, yakatiwa alama ya mnunuzi na bei ikakubaliwa, yanaweza kuwa ya mnunuzi usiku huo huo, akiwa bado gesti na fedha zake mfukoni.

Lakini samaki wa chisense mara nyingi hupimwa kwanza. Kipimo cha soko ni meda, kopo la plastiki ambalo muuzaji hulijaza na kuliongezea kilima juu, kilima ambacho hakuna sheria inayokieleza na ambacho ndicho hasa kinachobishaniwa. Sheria inasema kwamba kama muuzaji bado ana kazi ya kupima au kuhesabu ili bei ijulikane, umiliki hauhami mpaka kazi hiyo ifanyike na mnunuzi ajulishwe. Rundo la chisense lililokubaliwa kwa bei ya meda, likisubiri kupimwa asubuhi, bado ni la muuzaji. Mvua ya usiku ni mvua yake.

Na kama oda ni ya magunia kumi kutoka rundo la arobaini, bila kutengwa yapi ni yapi, au ni ya samaki watakaovuliwa wiki ijayo, hakuna umiliki uliohama. Hauwezi kuhama kabla mali haijatambuliwa. Aliyetoa fedha katika hali hiyo ana dai la fedha zake, hana samaki. Tofauti hiyo huonekana pale muuzaji anapofilisika, au anapowauzia watu watatu rundo moja.

Kwa wasafirishaji kuna jambo la ziada. Muuzaji akikabidhi mzigo kwa lori ili upelekwe kwa mnunuzi, kwa kawaida sheria huhesabu makabidhiano hayo kama yamefanywa kwa mnunuzi mwenyewe. Dereva aliyepokea magunia Kashikishi anabeba mali ya mtu wa Kitwe. Akiombwa njiani na muuzaji ashushe magunia matatu Mansa kwa sababu "oda imebadilika", aulize kwanza kwa aliye Kitwe.

Ng'ambo ya ziwa kanuni si hiyo. Kongo ilijiunga na OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi nyingi zinazotumia Kifaransa, mwaka 2012. Sheria yake ya biashara iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010 inasema, kwa mauzo baina ya wafanyabiashara, kwamba umiliki huhama mnunuzi anapopokea bidhaa, na hatari huhama pamoja nao. Kwa hiyo magunia yale yale yaliyohesabiwa na kutiwa alama, yakiwa Kashikishi yanaweza kuwa tayari ya mnunuzi, na yakiwa Kilwa ya Kongo yakawa bado ya muuzaji. Wanaofanya biashara kuvuka maji hayo hawana budi kukubaliana mapema, tena kwa maandishi, mzigo unakuwa wa nani kuanzia saa ngapi. Ujumbe mmoja wa simu wenye tarehe, idadi, bei na maneno "umekuwa wako tangu ulipopakiwa" una nguvu kuliko mazungumzo ya nusu saa.

ODA NA FEDHA ZA MBELE

Kuna aina ya oda ya ziwani iliyo katikati ya maana hizo mbili. Mnunuzi humpa mvuvi nyavu, mafuta ya injini, unga au fedha taslimu, na mvuvi huahidi kumuuzia yeye kwanza. Watu wa pwani waliita fedha za namna hiyo arabuni. Leo wengi husema advansi au kianzio. Utaratibu huu ni wa zamani katika maziwa yote ya ukanda huu. Mweru yenyewe imejua wanunuzi wakubwa tangu zama za ukoloni, wakati wafanyabiashara wa Kigiriki waliokuwa na kituo chao Kasenga, kwenye Mto Luapula upande wa Kongo, walipokuwa wakikusanya samaki na kuwapeleka kwa barafu hadi Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, kulisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga.

Kiuchumi advansi ni mkopo ambao riba yake imefichwa ndani ya bei. Mvuvi anayelipa kwa samaki huuza chini ya bei ya sokoni, na tofauti ndiyo gharama ya nyavu. Mnunuzi naye anabeba hatari kwamba mvuvi atamuuzia mwingine gizani au atahamia kambi nyingine. Kisheria fedha hizo hazijanunua samaki yeyote, kwa sababu samaki hao bado wanaogelea.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kalenda. Uvuvi katika Ziwa Mweru na Mto Luapula hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, chini ya sheria za uvuvi za Zambia. Oda iliyopokelewa Novemba kwa ahadi ya samaki wabichi wa Januari ni ahadi ya kuvunja sheria, na mahakama haziendi kumsaidia mtu kudai mapatano ya namna hiyo. Anayetoa kianzio mwishoni mwa Novemba ajiulize anachonunua kimeshakauka na kiko ghalani, au bado kiko majini.

MKONGOMANI HASEMI ODA

Mfanyabiashara wa Pweto au wa Kilwa anazungumza Kiswahili, lakini maneno yake ya ofisini yametoka Kifaransa. Akitaka kuagiza bidhaa atasema komande. Neno "ordre", ambalo ni ndugu wa order, kwake ni amri au utaratibu. Madereva wanaoingia Kongo wanalijua zaidi katika "ordre de mission", karatasi ya mwajiri inayoeleza nani ametumwa wapi, kwa kazi gani na kwa siku ngapi. Dereva anayeulizwa karatasi hiyo kizuizini na akatoa oda ya bidhaa, akidhani ndiyo inayotakiwa, atasimama hapo muda mrefu. Ni karatasi ya mtu, haihusu mzigo.

Penye benki na meli, hata hivyo, Kifaransa na Kiingereza hurudi kukutana, na hapo ndipo maana ngumu kuliko zote ilipo.

"KWA ODA YA" KWENYE HATI YA SHEHENA

Wilaya ya Nchelenge si ya samaki peke yake. Katika miaka ya 2000 makinikia ya shaba na fedha kutoka mgodi wa Dikulushi, kaskazini mwa Kilwa ya Kongo, yalivushwa ziwa kwa tishari hadi Nchelenge na kuendelea kwa malori. Nguo, nyavu, injini za boti na vipuri vinavyouzwa madukani Kashikishi vingi vimepita baharini kabla ya kufika, na mlango mmojawapo mkubwa ni Dar es Salaam. Mfanyabiashara anayekua kutoka magunia hadi makontena atakutana na neno order akiwa hajalitarajia, kwenye hati ya shehena, ile ambayo mawakala wote huiita BL.

BL ina sehemu ya jina la mpokeaji. Ikiandikwa jina la mtu au kampuni pekee, mzigo hukabidhiwa huyo tu, na hati haiwezi kuuzwa kwa mwingine. Ikiandikwa "to order", au "to order of" na jina la benki, maana yake haihusu kuagiza bidhaa hata kidogo. Inamaanisha kwamba mzigo utatolewa kwa yeyote atakayeelekezwa na mwenye haki ya kuelekeza. Kama hakuna jina baada ya maneno hayo, mwenye haki hiyo ni aliyepakia mzigo. Kama ni jina la benki, ni benki. Uelekezaji hufanywa kwa sahihi na muhuri nyuma ya hati.

Hati ya aina hii hutembea kama fedha, na ndiyo kazi yake. Benki inayomlipia mwagizaji hutaka hati iwe kwa oda yake ili isipolipwa ibaki na mzigo. Mzigo ulio baharini unaweza kuuzwa mara mbili kabla meli haijatia nanga, kwa kugonga muhuri tu. Na pale mpakiaji anapotia sahihi nyuma bila kutaja jina la anayempa, hati huwa ya aliyeishika. Kuituma kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mansa, ndani ya bahasha ya kaki, mkononi mwa kondakta, ni sawa na kutuma kontena zima ndani ya bahasha hiyo. Watu wanafanya hivyo.

Hati halisi ikipotea, kampuni ya meli haitoi mzigo kwa maneno matamu. Kwa kawaida hutaka dhamana ya benki, wakati mwingine yenye thamani kubwa kuliko mzigo wenyewe, kwa sababu ikikabidhi kwa asiyestahili italipa yenyewe. Njia ambayo wengi huitumia sasa ni kusalimisha hati kule mzigo ulikopakiwa na kampuni ya meli kutuma ruhusa kwa ofisi yake ya Dar es Salaam, utaratibu ambao bado unaitwa teleksi ijapokuwa mashine za teleksi zimeshatoweka. Njia hiyo ni nyepesi, lakini muuzaji anayeikubali kabla ya kulipwa ameachia kamba aliyokuwa ameshika.

KARATASI ZA GETINI

Baada ya BL huja karatasi nyingine zenye neno lile lile, na hapa mkanganyiko hugharimu kwa siku. Delivery order, ambayo mawakala huiita DO, hutolewa na kampuni ya meli au wakala wake baada ya kupokea BL na malipo yake. Inamwambia mwenye bandari au bandari kavu kwamba meli haina dai na mzigo unaweza kukabidhiwa. Release order hutolewa na forodha, na inasema serikali haina dai. Moja haichukui nafasi ya nyingine, na hata zikiwa zote mbili mkononi bado kuna gharama za bandari za kulipwa kabla ya geti kufunguka. Mzigo wa kwenda Zambia au Kongo huhitaji pia dhamana ya forodha inayoulinda hadi utoke Tanzania.

Mteja wa Nchelenge anayeambiwa kwa simu "oda imetoka" anapaswa kuuliza oda ipi. Wakala anaweza kuwa anasema kweli kwamba DO imetoka, ilhali forodha bado wanauliza kuhusu ankara. Mteja akatuma lori, lori likakaa Kurasini siku nne likidai gharama za kusubiri. DO nayo huwa na tarehe ya mwisho: ikipita, kontena huanza kudaiwa za siku na karatasi lazima ihuishwe.

Msafirishaji ana oda yake mwenyewe, ya kupakia. Hiyo hutaja namba ya lori, ya tela na jina la dereva. Lori likiharibika Mbeya kabla ya kushuka Dar na likaletwa jingine, karatasi ya zamani haitaliingiza. Ni jambo dogo linalopuuzwa na wenye malori kila wiki.

LPO, HUNDI NA MENGINEYO

Katika Afrika Mashariki LPO ni agizo la maandishi la taasisi kwa muuzaji. Zambia husema PO, na wanaouza bidhaa kwenye migodi huisubiri kama mvua. Kisheria karatasi hiyo kwa kawaida ni pendekezo la kununua. Mkataba hupatikana muuzaji anapoikubali, kwa barua au kwa kuanza kutekeleza. Benki hukopesha kwa dhamana yake, lakini hukopesha sehemu tu na huuliza kwanza kama aliyeitoa ana desturi ya kulipa. PO ya kughushi ni wizi wa kawaida mno: mtu huagiza vipuri au mafuta kwa jina la kampuni kubwa, hutaka vishushwe kwenye ghala la pembeni, na kampuni hiyo haina habari. Simu moja kwa namba ya ofisi iliyotafutwa kwingine, si ile iliyoandikwa kwenye karatasi, humaliza shaka.

Kwenye hundi, maneno "or order" baada ya jina yana maana ile ile ya BL: mlipwaji anaweza kuielekeza kwa mwingine kwa sahihi yake. "Standing order" ni agizo la kudumu kwa benki, la kulipa kiasi kile kile kila mwezi. "Money order" ilikuwa hawala ya posta, ambayo zamani ilimfikishia mvuvi fedha za ndugu wa mjini. Kazi hiyo sasa inafanywa na simu.

Mahakamani order ni amri, na amri ya kuzuia mali hufuata mzigo hata ukiwa juu ya lori. Dereva aliyeonyeshwa amri hiyo hana ruhusa ya kuendelea kwa sababu tu bosi amesema aendelee.

Na wapo maofisa wa mpakani, kila upande, wanaosema karatasi "haziko in order" bila kutaja kilichokosekana. Hapo neno limerudi kwenye maana yake ya kwanza, ya safu na mpangilio, na jibu lake ni kuomba kwa heshima ofisa aandike ni karatasi gani, au atie kidole kwenye mstari wenye kasoro.